Mzigo Ukae Wapi

Fundi aliyenifundisha kulitazama gari hakuanza na injini. Alikuwa amelala chali chini ya Land Cruiser ya mkulima wa tumbaku, kivulini mwa mwembe hapa Tabora, akaniita: "Njoo huku chini, mdogo wangu. Gari lenyewe lipo huku."

Akafungua nati za habu ya nyuma, akaichomoa ekseli yote kama mtu anayechomoa upanga alani. Gari likabaki limesimama juu ya magurudumu yake, halikutikisika. Nilidhani ni mazingaombwe. Kumbe uzito unabebwa na hausi na habu. Ekseli kazi yake kuzungusha tu. Katika magari madogo, mara nyingi chuma kimoja hubeba na kuzungusha kwa pamoja. Siku kikikatika, gurudumu nalo linaaga.

Tangu hapo, nikisoma habari za njia ya misafara, Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea Ujiji, nasoma kwa jicho la gereji. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi, pengine zaidi, kwa sababu ndorobo waliua wanyama wengi ambao wangebeba badala yake. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walitoka Saadani na magari ya kukokotwa na ng'ombe, mtindo uliokuwa umefaulu kusini mwa Afrika. Ng'ombe wakafa njiani, magari yakaachwa, mizigo ikarudi mabegani. Walifika Ujiji mwaka 1878, kwa miguu ya wapagazi. Chombo kilikuwa kizuri, ila kilichaguliwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Ndiyo maana sicheki springi za bamba. Land Rover walianza kuziacha mwaka 1983, wakahamia za koili. Toyota wakaweka koili mbele ya pikapu zao za Land Cruiser mwaka 1999, lakini nyuma wakaacha mabamba, na kwangu hiyo ndiyo busara yao kubwa. Koili ni laini, gurudumu hupanda na kushuka kwa raha. Lakini bamba moja likikatika porini, mengine huendelea kushika, na pale Sikonge utapata la lori bovu likatwe, lipigwe, lifungwe. Lile lililokatika halitupwi: mhunzi atalifanya kisu au jembe. Majembe ya chuma yaliwahi kuwa mahari Unyamwezi. Chuma hapa hakijawahi kuwa na kazi moja.

Vijana wanataka gari lisimame kama jogoo, wanaongeza mabamba. Likiwa tupu linarusha abiria kama mahindi kwenye ungo, na shokapu hazidumu. Fundi wangu huuliza kwanza: "Unapakia nini, siku za kawaida?" Mteja akitaja mzigo wa siku ya mavuno peke yake, anaulizwa tena.

Mwenyewe nilidhani nimehitimu, mpaka mvua za Januari ziliponinasa mbugani, kwenye ule udongo mweusi unaoshika kama ulimbo. Pikapu yangu ya Land Cruiser ilikuwa mpya mpya, difu nzima, tairi nzuri. Fundi alipokuja hakuinama kutazama chini ya gari. Alirudi nyuma hatua 20, akatazama njia niliyopita. Kila mfereji ulikuwa na kingo mbili upande wa ndani. Katika pikapu hizo, tangu 2007, magurudumu ya nyuma yameingia ndani kuliko ya mbele kwa sentimita tisa hivi, pande zote mbili kwa jumla, kwa hiyo ya mbele yalikuwa yamechimba njia na ya nyuma yakalazimika kuchimba ukingo wao.

Nikawakumbuka wapagazi wa misafara: walitembea mmoja nyuma ya mwingine, kirangozi akiongoza mbele, wote kwenye ujia mmoja wa upana wa unyayo. Fundi aliweka mguu wake kwenye ukingo wa gurudumu la mbele, kisha kwenye ule wa gurudumu la nyuma, akahesabu vidole. Halafu akaniuliza kama niko tayari kulipia hausi pana zaidi.