Mtalaka na Mwanawe: Mchezo Uliokosa Mjomba

Mchezo wa kuchekesha ulioitwa You Again? ulianza kuonyeshwa na shirika la NBC la Marekani Februari 1986, ukakoma Januari 1987 baada ya sehemu 26. Kisa chake ni chepesi. Henry Willows, mtalaka wa makamo na meneja wa duka kubwa la vyakula, amekwisha kuzoea raha ya upweke. Mara hodi, na mlangoni asimama mwanawe Matt, kijana wa miaka 17, aliyelelewa kwa mama na baba wa kambo. Jack Klugman alikuwa baba, John Stamos mwana.

Asili yake si ya Marekani. Eric Chappell, mtungaji Mwingereza, aliandika Home to Roost kwa ajili ya Yorkshire Television. Mchezo huo ulianza 1985 ukadumu mpaka 1990, John Thaw akiwa baba na Reece Dinsdale mwana. Mtumishi wa nyumba, Enid, alichezwa na Elizabeth Bennett, na Wamarekani wakamtaka yeye yule avuke bahari na ufagio wake. Mtumishi alihamishwa mzima, baba hakuhamishika.

Sababu yake yafaa kuangaliwa. Baba wa Thaw hununa, na kununa kwake ni ukuta: nyuma yake mna mtu anayeogopa kumpenda mtoto atakayeondoka tena. Klugman, kwa upande wake, alikuwa amekwisha kujulikana sana katika The Odd Couple, mchezo wa 1970 hadi 1975, kwa sura ya mtalaka mchafu anayekaa nyumba moja na rafiki yake, mtalaka mwenziwe. Sauti yake ya kukwaruza na hamaki yake ni mali ya thamani kwa mchekeshaji yeyote. Lakini hamaki ile ile iliyomfaa rafiki ikamwagwa juu ya mwana, na Matt akawa mpangaji mwenza tu. Ugomvi wao mwingi ungeliweza kusemwa na watu wawili wasio na damu moja, na hapo ndipo mchezo ulipopoteza maana yake.

Jambo hili laonekana wazi zaidi likitazamwa kutoka mbali. Mwaka 1986 mtu wa Mitwero, karibu na Lindi, hakuwa na televisheni ya nchi yake: Unguja ilikuwa nayo tangu 1973, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Angelisimuliwa kisa hiki, angeliuliza kwanza: mjomba wa kijana yu wapi? Wamwera na jirani zao wa kusini walihesabu ukoo kwa mama, na mtoto wa waliotalikiana hakuwa mkiwa. Alikuwa mtu wa mjomba wake. Uislamu, shule na serikali vimepunguza mamlaka hayo. Sheria ya Ndoa ya 1971 hufikiri juu ya baba na mama, ikimwona mtoto wa chini ya miaka saba kuwa afadhali akae na mama yake isipothibitishwa vingine. Mjomba hatajwi hapo. Hata hivyo swali halijafa.

Chappell aliandikia watu wasioliuliza. Katika nyumba yake milango yote imefungwa isipokuwa mmoja, na wawili hawa wacheka na kutukanana kwa sababu hawana pengine pa kwenda. Upweke huo ndio uliobeba kichekesho. Wamarekani walichukua milango wakasahau kufuli.

Mtungaji wa Lindi atakayetaka kisa hiki hawezi kukichukua kilivyo. Itambidi amwue mjomba, au amsafirishe Dar es Salaam kutafuta kazi, au amgombanishe na dada yake. Akimwacha hai, sehemu ya pili itaanza kwa hodi nyingine, na baba, ambaye kwa juma zima alimlalamikia mwanawe kwa kuja, atalazimika kueleza kwa nini hataki achukuliwe.