Bisibisi ya Nyota

Kwenye kona moja ya prosesa pamechorwa pembetatu ya rangi ya dhahabu, ndogo kiasi cha kutafutwa kwa tochi ya simu. Kwenye soketi ya mazabodi nako kuna pembetatu ya namna hiyo hiyo. Kazi ya kuweka prosesa, inayowatoa watu jasho mara ya kwanza, ni kuzikutanisha pembetatu hizo mbili na kuondoa mkono. Usisukume. Ryzen ya AMD ya soketi ya AM4 ina pini 1331 tumboni, na ukiipanga sawasawa inazama yenyewe kwa uzito wake. Isipozama ujue imekaa upande, na ukiibonyeza umeshakunja pini. Intel wao pini wameziweka upande wa mazabodi, kwa hiyo mtihani wake ni mwingine: mkono wa chuma wa kufungia unagoma, unatoa mlio wa kukwaruza, na kila anayeusikia kwa mara ya kwanza anaamini ameshaunguza hela yake. Hajaunguza. Ndivyo unavyofungwa.

Sasa mtu atauliza, taabu yote hii ya nini, na maduka yamejaa kompyuta za gemu zilizokwisha kuunganishwa, unachomeka tu na kucheza? Swali ni la haki. Ukishuka Kariakoo, Dar es Salaam, leo hutamaliza hatua kumi kabla winga hajakushika bega.

“Braza, kompyuta ya gemu? Ipo. i7, ramu kumi na sita, taa zinawaka rangi zote.”

“i7 ya jeneresheni gani?”

“i7 hiyo hiyo, bosi. Ile kubwa.”

Winga hasemi uongo. Prosesa ya i7-2600 ilitoka mwaka 2011 na i7-14700K ikatoka mwaka 2023, na zote zinabandikwa stika ya i7. Kati yake ipo miaka kumi na miwili na tofauti ambayo taa za rangi haziwezi kuiziba. Anayeuza kitu kilichofungwa anauza jina la kitu hicho, na jina ndilo rahisi kulitangaza. Mnunuzi anauliza prosesa, anauliza kadi ya grafiki, labda anauliza ramu ni ngapi. Sijawahi kusikia mtu akisimama mbele ya fremu akauliza pawasaplai imetengenezwa na nani. Basi aliyeunganisha mashine kwa ajili ya kuuza anabana matumizi hapo hapo, mahali ambapo jicho la mteja halifiki. Anaweka pawasaplai nyepesi ambayo ukiibeba tu mkononi unajua ndani hamna kitu. Anachomeka ramu moja ya GB 16 badala ya mbili za GB 8, ilhali prosesa imejengwa kusoma njia mbili kwa wakati mmoja, na kwa ramu moja njia ya pili inalala bure. Tena ramu yenyewe imeandikwa 3200, lakini hakuna aliyeingia kwenye BIOS, programu inayoiamsha mashine, kuwasha XMP, mpangilio wa kuipa ramu kasi yake iliyoandikwa, kwa hiyo inakimbia 2133 au 2666 mpaka siku ya kufa kwake. Mwenye mashine anacheza, anaona picha zinakwamakwama, analaumu gemu.

Aliyeiunda mwenyewe hana wa kumlaumu, na hapo ndipo penye heshima ya kazi hii.

Uwezekano wa kuchanganya vipande vya kampuni mbalimbali una historia yake. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani, na timu ya Don Estridge iliyoiunda kule Boca Raton, Florida, ilikuwa imekimbizana na muda. Badala ya kubuni kila kitu wenyewe walinunua vilivyokuwepo sokoni: prosesa ya 8088 kutoka Intel, mfumo endeshi kutoka Microsoft. Wakaacha nafasi tano za kuchomeka kadi, na wakauza kitabu chenye michoro ya saketi pamoja na maandishi kamili ya BIOS. Kampuni ya Compaq wakaandika BIOS yao inayofanya kazi ile ile bila kunakili ya IBM, na mashine yao ikaingia madukani mwaka 1983. Tangu hapo IBM haikuweza tena kuufunga mlango. Mwaka 1995 Intel wakatoa vipimo vya ATX, mazabodi ya milimita 305 kwa 244, matundu ya skrubu yakapangiwa mahali pamoja kwa kila mtengenezaji. Ndiyo maana mazabodi ya kampuni ya Taiwan, kadi iliyounganishwa China na kasha lisilojulikana limetoka wapi vinakutana Dar es Salaam kwa mara ya kwanza na vinakubaliana hadi kwenye skrubu.

Hata wauzaji wakubwa wa mashine zilizofungwa walitokea huku huku. Michael Dell mwaka 1984 alikuwa mwanafunzi kule Austin, Texas, akifanya biashara chumbani kwake bwenini kwa kuziongezea kompyuta vipande na kuziuza. Alienware, jina ambalo vijana wa gemu wanalitaja kwa pumzi ya juu, ilianzishwa Miami mwaka 1996 na marafiki wawili, Nelson Gonzalez na Alex Aguila, waliokuwa wakiunda kompyuta za gemu. Dell wakainunua mwaka 2006. Kumbe wote walianza na bisibisi.

Kisha, kama ilivyo kawaida ya wakubwa, waliopita mlangoni wakabadilisha kitasa. Fungua Dell OptiPlex 9020, mashine ya ofisi ya mwaka 2013 ambayo imejaa kwenye maduka ya mitumba ya Afrika Mashariki. Pale ambapo mazabodi ya ATX ina plagi kuu ya pini 24, hii ina pini 8 za mpangilio wake yenyewe. Pawasaplai ya kawaida haiingii mpaka utafute waya wa kubadilishia. HP nao wana mtindo wao. Na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ukiwauliza vijana wengi wa hapa waliunda vipi kompyuta yao ya kwanza ya gemu, hawatakwambia habari za maboksi mapya. Watakwambia walinunua “ofisi.”

Ofisi ni hiyo OptiPlex au EliteDesk ya HP iliyostaafu Uingereza au Ujerumani, ikapakiwa kwenye kontena pamoja na wenzake mia. Bei yake ni nafuu, prosesa yake bado ina nguvu, ila haina kadi ya grafiki. Kijana anaweka yake. Lakini kadi gani? Nafasi ya PCI Express kwa vipimo vyake hutoa umeme usiozidi wati 75, na pawasaplai ya ofisi mara nyingi haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hiyo anatafuta kadi inayoishi kwa wati hizo tu. GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016, inatosha humo na inacheza GTA V vizuri. RTX 3050 ya GB 6, ya mwaka 2024, inakula wati 70. Kuna na RX 6400 ya mwaka 2022, inayokula wati 53, ambayo kwenye karatasi inaonekana ndiyo yenyewe, asiyejua anaikimbilia. Kadi hiyo inatumia njia nne tu za PCI Express kati ya kumi na sita, na ukiichomeka kwenye mazabodi ya zamani yenye kasi ndogo ya njia hizo, inabanwa koo. Halafu kuna kimo: kasha jembamba linataka kadi fupi yenye kibati kifupi, na kadi fupi ndizo adimu.

Kuna wajuaji wanaosema huko si kuunda kompyuta, ni kubandika viraka. Mimi nasema ni ufundi wa juu zaidi. Mwenye hela anachagua kutoka orodha, na kila kitu kwenye orodha kimetengenezwa kikubaliane na kingine. Kijana wa ofisi anahesabu wati, sentimita na njia za PCI kwa pamoja, na hela yake ni ya kujaribu mara moja.

Kazi yenyewe ya kuunganisha haihitaji vifaa vingi. Bisibisi moja ya nyota, ya namba mbili, yenye sumaku kwenye ncha, inamaliza karibu yote. Fundi mzuri haanzi kwa kufunga kila kitu ndani ya kasha. Anaiweka mazabodi juu ya boksi lake la karatasi mezani, anaweka prosesa, tone la pesti ya joto na feni yake, anachomeka ramu moja, anachomeka pawasaplai. Swichi ya kuwashia haipo, iko kwenye kasha. Basi anatafuta zile pini mbili ndogo za swichi hiyo kwenye kona, anazigusa kwa pamoja kwa ncha ya bisibisi. Feni inatikisika, inazunguka. Kama kuna ubaya, ameuona kabla hajakaza hata skrubu moja. Pesti nayo watu wanaiogopa bure. Nyuso za prosesa na za chuma cha feni hutazamika laini lakini zina mabonde yasiyoonekana, na ndani ya mabonde hayo hewa ikibaki, joto halipiti vizuri. Kazi ya pesti ni kuitoa hewa. Tone la katikati linatosha. Mgandamizo wa feni utalisambaza.

Kinachosahaulika siku zote ni kibati cha nyuma, kile chenye matundu ya USB na spika. Kinatakiwa kiingie kwenye kasha kabla ya mazabodi, na kingo zake zinakata vidole.

Vitabu vya maelekezo vinasisitiza mkanda wa kuzuia umeme tuli. Dodoma wakati wa kiangazi, sawa. Dar es Salaam hewa ina unyevu, na umeme tuli haujikusanyi kirahisi. Unyevu huo huo una deni lake, maana meno ya ramu yanashika utando na siku moja mashine inagoma kuwaka. Fundi wa mtaani anaitoa ramu, anayasugua meno kwa kifutio cha penseli, anairudisha, inawaka. Nimeona mashine iliyotangazwa kuwa imekufa ikifufuliwa kwa kifutio. Mwenye mashine iliyofungwa angeipeleka dukani, na dukani wangempa bei ya mazabodi.

Na hapa tufike kwenye dhamana, hoja kubwa ya wanaotetea cha kununua. Boksi linasema miaka mitatu. Ni kweli, ila vitu vingi vya gemu vinavyotufikia vimepitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Dubai, kwenye maduka ya Barabara ya Khalid bin Al Waleed kule Bur Dubai, na dhamana inadaiwa kule vilikonunuliwa. Hesabu nauli, hesabu na muda wa kusubiri. Dhamana inayofanya kazi nyumbani kwako ni kujua kipi kinafanya nini, ili kikifa usinunue mashine nzima kwa sababu ya kipande kimoja. Pawasaplai zetu zinakufa sana, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ndio unaoziua. Ukinunua ya mtumba iliyotoka Marekani, kabla ya chochote tazama nyuma kama ina kile kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kikiwa kimeachwa 115 na ukachomeka ukutani, utasikia mlio na harufu, na hakuna kifutio cha kuisaidia.

Kwa bei sitamdanganya mtu. Zipo nyakati ambapo mwenye kununua iliyofungwa ndiye mjanja. RTX 3080 ilitangazwa Septemba 2020 kwa dola 699, lakini wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum na walanguzi wakazifagia, na kwa muda mrefu njia ya uhakika ya kupata kadi ilikuwa kununua kompyuta nzima iliyokuwa nayo. Ethereum ilipoacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, kadi zilizochoka zikamwagika sokoni, na hapo mjuzi akarudi kuwa mfalme. Mwishoni mwa 2025 ramu nazo zikapanda vibaya kwa sababu viwanda vilikuwa vimegeukia vituo vya data vya akili unde. Mwenye studio anayetakiwa kukabidhi video ya harusi Jumamosi naye aende akanunue iliyo tayari, tena asichelewe. Na kwa wale wanaodhani mashine mpya itawaondolea kuchelewa kwa risasi kwenye Counter-Strike: seva iliyo karibu nasi iko Johannesburg, na hakuna bisibisi inayofupisha barabara ya kwenda huko.

Faida ya kuunda huonekana zaidi baada ya miaka kadhaa. Mazabodi nyingi za AM4 zilizonunuliwa 2017, zikishapewa BIOS mpya, zinapokea Ryzen 7 5800X3D ya 2022. Unabadilisha prosesa, kasha ni lile lile, pawasaplai ni ile ile. Nyaya ulizozipitisha nyuma ya mazabodi na kuzifunga kwa zip tai, ambazo hakuna mgeni atakayeziona, bado zimelala zilivyolala, na hewa inapita mbele bila kizuizi. Ukibadilisha kadi, ya zamani inapata mwenyewe. Yangu ya 1050 Ti sasa iko kwa mtoto wa jirani, ndani ya OptiPlex aliyonunuliwa na mjomba wake. Alipokuja kuichukua aliishika kwa kingo zake, kama alivyoona inavyoshikwa, akaniuliza mambo matatu kuhusu wati kabla ya salamu kukamilika.

“Na bisibisi, kaka?”

Hiyo sikumpa. Nilimwelekeza fremu zinakouzwa.