Kuvizia Damu Ndani ya Ini

Ini hupokea damu kwa njia mbili. Takriban robo tatu hutoka tumboni na kwenye utumbo kupitia mshipa wa lango. Inayobaki huletwa na ateri, nayo ndiyo hutangulia kufika. Kupiga MRI ya ini kwa dawa ya kontrasti ni kuvizia sekunde hizo chache za kupishana.

Mgonjwa wa Nyakakika, huko Karagwe, haifikii mashine hiyo kirahisi. Tumbo likijaa maji, majirani husema ni pombe. Zahanati huwaza kichocho au homa ya ini, na haikosei kuwaza hivyo, maana Kanda ya Ziwa inayajua vizuri magonjwa hayo. Ultrasaundi ikiacha maswali, huanza safari za rufaa: Bukoba, Bugando kule Mwanza, pengine hadi Muhimbili.

Dawa yenyewe ina gadolinia, metali iliyogunduliwa na Jean Charles Galissard de Marignac mwaka 1880. Ikiwa huru ni sumu, kwa hiyo hufungiwa ndani ya molekuli nyingine kabla ya kudungwa. Nusu dakika hivi baada ya sindano, ateri hung'aa. Dakika ikipita kidogo, lango hufuata. Saratani ya ini, inayolishwa zaidi na ateri, mara nyingi huwaka mapema, kisha hufifia.

“Vuta pumzi. Toa. Usipumue.” Bibi aliyezoea Kinyambo kuliko Kiswahili asipoelekezwa mapema, atahema palepale ateri zinapong'aa, na picha zitatoka na ukungu. Fundi hodari humfanyisha mazoezi kwanza, taratibu, mpaka waelewane. Sifa kubwa ni yake, ingawa mgonjwa huenda asilijue hata jina lake.

Baada yake ni zamu ya daktari bingwa wa radiolojia, anayezisoma picha ili kutofautisha magonjwa. Katika Budd-Chiari, ugonjwa adimu, mishipa inayotoa damu kwenye ini imeziba. Kontrasti huingia kwa mabakamabaka, lakini pande dogo la nyuma, ambalo lina vimishipa vyake vya kutolea damu, mara nyingi hunenepa na kung'aa sawasawa. Makovu ya kichocho hayakai hivyo. Hufuata matawi ya mshipa wa lango. Kwa mgonjwa, hapo ndipo matibabu yanapoachana: kichocho hupewa prazikwanteli, ilhali Budd-Chiari kwa kawaida huanziwa dawa za kuzuia damu kuganda, pamoja na vipimo vya kutafuta kwa nini iliganda.