Jicho la Kupachikwa

Mchongaji akilichonga jicho katika mti uleule wa uso, halimsumbui kulishikiza: jicho na uso ni kitu kimoja tangu mwanzo. Kazi huanza anapotaka jicho la asili nyingine, simbi juu ya pembe ya ndovu, au risasi juu ya ndoana. Hapo vitu viwili visivyojuana vinalazimika kukaa pamoja, na mahali vinapokutana ndipo panapotuambia kama fundi aliielewa kazi yake. Nitasoma maungo mawili ya namna hiyo: sanamu za Walega wa Kongo mashariki, na chambo cha manyoya kinachofungwa kwa mikono nchini Kenya.

Mto Lowa hushuka kutoka milima ya Masisi, ukakata msitu wa Walikale kuelekea Lualaba. Kusini mwa Walikale, katika Shabunda, Mwenga na Pangi, ndiko kwa Walega, wenye chama cha bwami. Chama hicho kilipokea wanaume na wanawake, kikawapandisha daraja; ya juu kuliko zote kwa wanaume ilikuwa kindi. Mafunzo yake yalitolewa kwa methali, nyimbo na ngoma, huku vitu vidogo vya mti na pembe ya ndovu vikishikwa mkononi na kuonyeshwa. Wabelgiji walikipiga marufuku. Daniel Biebuyck, aliyeishi na Walega katika miaka ya 1950, aliandika mengi juu ya vitu hivyo katika kitabu chake cha 1973.

Sanamu nyingi kati ya hizo zina macho ya kuchongwa, aghalabu duara lenye nukta katikati. Nyingine zimepachikwa simbi, ambazo asili yake ni Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka msituni. Simbi huwekwa mpasuko wake ukitazama nje, na mpasuko huo ndio unaobadilisha uso mzima. Jicho la namna hii halijafumbuka wala halijafumbwa. Linaonekana kuona na kujizuia kwa wakati mmoja, na kwangu hiyo ndiyo sura hasa ya mzee aliyefunzwa kuhukumu bila pupa.

Lakini maana hiyo ingepotea mara moja kama simbi ingebandikwa juu juu. Sanamu hizi zilipakwa mafuta, zikasuguliwa, zikarithishwa kutoka mkono hadi mkono. Kitu cha kuguswa namna hiyo hakiwezi kutegemea ulimbo peke yake. Ndiyo maana simbi hukalishwa katika shimo, ulimbo ukaikamata kwa nyuma na ukingo wa shimo ukaikinga ubavuni. Kidole kinachopita usoni hakipati pa kuikwangua. Uimara na utulivu wa jicho hilo vimetoka katika uamuzi mmoja wa fundi.

Kazi ya pili ni ya maji. Ewart Grogan alipandikiza samaki aina ya trauti katika Mto Gura, Kenya, mwaka 1905, wavuvi wa chambo cha manyoya wakafuata. Leo mafundi wa Kenya, wanawake wengi miongoni mwao, hufunga vyambo hivyo kwa ajili ya maduka ya Ulaya na Marekani. Mtindo mmoja unaojulikana sana ni ule uliobuniwa na Mmarekani Bob Clouser katika miaka ya 1980, wa kuiga kisamaki. Una singa za mkia wa kulungu, uzi, na macho mawili ya risasi yaliyounganishwa kwa kiuno chembamba.

Ukiutazama mara ya kwanza utadhani macho yale ni pambo. Siyo. Yamefungwa upande wa juu wa mti wa ndoana, nyuma kidogo ya tundu la kupitishia kamba, na uzito wake huipindua ndoana majini hata ncha ikatazama juu, isinase mawe. Mvuvi akivuta, chambo huinuka. Akiacha, kichwa hutangulia kuzama. Mwendo wote wa kisamaki umo machoni.

Kwa hiyo jicho likilegea na kuzunguka, chambo kizima kimekufa: hulala ubavu, wala samaki hadanganyiki. Fundi hodari hutandika uzi kwanza juu ya chuma kitupu, maana chuma juu ya chuma huteleza. Hukalisha macho, akayafunga kwa mizunguko ya kukingamana yenye umbo la 8. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosa subira, huzungusha uzi kwa ulalo, chini ya macho na juu ya mti wa ndoana, akizibana zile 8 zenyewe. Tone la gundi huja mwisho, liingie ndani ya uzi. Halafu huyashika macho kwa vidole na kujaribu kuyasokota. Yakitii, anafungua na kuanza upya.

Macho ya bapa yanayobandikwa kwa gundi tu ubavuni mwa kichwa huvutia zaidi dukani, lakini yameshikwa upande mmoja, na meno ya samaki huyang'oa upesi. Dawa yake ni ileile ya Walega: yapewe kishimo cha kukalia, yafunikwe ukingoni.

Mafundi hawa wawili hawakujuana, wakafikia kanuni moja: gundi ije kusaidia muundo, isigeuzwe kuwa muundo. Nasi wahakiki tumezoea kuanza na sura, rangi na ishara, tukaacha maungo kama jambo la karakana. Chambo kimebaki na jina la Clouser, na lebo nyingi za makumbusho hazina jina la Mlega aliyechonga. Kilichobaki cha mtu mwenyewe ni namna alivyolikalisha jicho, na hapo ndipo uhakiki unapaswa kumtafuta.