Uhakiki wa Dhana ya Uwezo wa Kiikolojia wa Ardhi: Mfano wa Kate na Uwanda wa Juu wa Ufipa

Dhana ya uwezo wa kiikolojia wa ardhi hudai kujibu swali moja: eneo fulani linaweza kulisha watu wangapi bila udongo wake kuchakaa? Jibu lililopata nguvu kubwa Afrika ya Mashariki na ya Kati ni la William Allan, ambaye kitabu chake The African Husbandman kilitoka mwaka 1965. Kwa kanuni yake, eneo linalohitajika kwa kila mtu ni 100 mara kigezo cha matumizi ya ardhi mara eneo alimalo mtu mmoja, kisha kugawanya kwa asilimia ya ardhi inayolimika. Kigezo hicho ni uwiano wa mzunguko mzima, yaani miaka ya kulima na ya kupumzisha shamba, kwa miaka ya kulima peke yake.

Sifa ya kanuni hii ni uwazi wake. Udhaifu wake hudhihirika inapopelekwa Kate, wilayani Nkasi. Ikichukuliwa kwa mfano tu kwamba shamba hulimwa miaka 3 na kupumzishwa 9, kigezo huwa 4. Mtu akilima hekta 0.5 na nusu ya ardhi ikiwa inalimika, kila mtu huhitaji hekta 4. Mapumziko yakipunguzwa hadi miaka 3, kigezo hushuka hadi 2 na mahitaji hadi hekta 2. Kwa hesabu hiyo ardhi imeongezewa uwezo maradufu, ilhali huenda udongo ndio kwanza umeanza kuchoka. Kanuni imepima desturi na kuiita uwezo.

Kilimo cha intumba cha Wafipa huweka jambo hili bayana. Nyasi hufukiwa ndani ya vilima vya udongo wakati ardhi ingali na unyevu, zikaoza humo. Msimu ufuatao vilima husambazwa na ulezi kupandwa. Rutuba basi hutokana na wingi wa nyasi na nguvu ya mikono. Ester Boserup, katika kitabu kilichotoka mwaka huohuo wa 1965, alishikilia kwamba ongezeko la watu huchochea kilimo cha jitihada zaidi. Hoja hiyo inairekebisha ya Allan, lakini haitoshi: pumziko likifupishwa, nyasi za kufukia hupungua, na jitihada hukosa cha kufanyia kazi.

Kasoro ya pili ni kuichukulia Ufipa kama kisiwa. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kwa mahindi nchini; kila gunia linaloondoka huondoka na sehemu ya rutuba, na mbolea ya viwandani hutoka nje ya mkoa. Kugawanya ardhi kwa wakazi peke yao huwaacha walaji wa mbali nje ya hesabu.

Suala hili si la nadharia tupu. Wakazi wa Rukwa walikuwa takriban milioni 1 katika sensa ya 2012 na zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2022. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, chini ya Sheria Na. 6 ya 2007, hutenga maeneo ya kulima, kulisha mifugo na kuhifadhi. Takwimu moja ya uwezo yaweza kumnyima mfugaji malisho au kijana shamba. Tathmini inayostahili kuaminiwa haina budi kutaja, pamoja na idadi, masharti yake: urefu wa mapumziko, wingi wa nyasi, nguvukazi iliyopo na mavuno yanayouzwa nje. Bila masharti hayo, idadi hiyo ni amri iliyovikwa vazi la sayansi.