Kiinua Mgongo, Mkupuo na Kikokotoo

Mwalimu anayestaafu Ndalambo, wilayani Momba, husikia maneno matatu: kiinua mgongo, mkupuo na kikokotoo. Wengi huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja. Matumizi hayo si sahihi, na yana hasara.

Kiinua mgongo, kwa maana yake ya msingi, ni malipo ya shukrani ambayo mwajiri humpa mtumishi wanapoagana. Mkupuo si shukrani: ni sehemu ya pensheni ya mstaafu mwenyewe, iliyotangulizwa. Kikokotoo, kutokana na kitenzi kokotoa, ni kanuni ya hesabu, wala si fedha. Julai 2022 kanuni hiyo iliweka mkupuo kuwa asilimia 33, na 67 zikabaki za kulipwa kila mwezi maisha yote. Mwaka 2024 mkupuo ulipandishwa hadi 40 kwa baadhi, na 35 kwa wengine.

Auitaye mkupuo "kiinua mgongo" hatambui kwamba ukiongezeka, malipo ya mwezi hupungua. Kwa hiyo twapendekeza "pensheni ya mkupuo" na "pensheni ya mwezi", ili msikiaji ajue kwamba fungu ni moja, lililogawanywa.