Kahawa Nyeusi ya Maskati

Kahawa ya Oman hunusika kabla ya kuonjwa. Dele likiinamishwa, iliki hutangulia, hufuata waridi lenye moshi kwa mbali, na uchungu wa buni huja nyuma kabisa, umeshafika kooni. Sukari haitiwi; utamu wake ni ile tende uliyoila kwanza, au kipande cha halua. Kwangu mimi, anayeipatia kahawa hii nyumbani kwake Maskati ni fundi sawa na wale waliochonga milango ya Unguja.

Kazi huanzia kikaangoni. Huko Najd, Saudia, buni hukaangwa kidogo tu, kahawa ikatoka na rangi ya dhahabu. Waomani wengi huipeleka mbele zaidi, mpaka iive na kuwa nyeusi. Hapo hapana mchezo. Ikipitiliza kidogo huwa kali ya kuungua na iliki haisikiki tena. Ikitolewa mapema hubaki na ladha ya majani mabichi. Mkaangaji mzuri haitazami saa. Husikiliza buni zinavyopasuka, hunusa, akaepua.

Kisha viungo. Iliki haikosekani. Wengine huongeza zafarani, au karafuu, zao lililostawishwa Unguja na Pemba enzi za Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar. Lakini sifa zangu nyingi naziweka kwenye maji ya waridi ya milima ya Jabal Akhdar, Oman. Huko, kwenye uwanda wa Saiq ulio kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, waridi huchumwa asubuhi na mapema, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei. Kwa njia ya wazee, majani ya ua huingizwa kwenye tanuri la udongo lenye moto wa kuni, na juu yake hufunikwa chombo cha maji baridi. Mvuke ukikigusa hugeuka matone, yakadondokea kwenye chungu kidogo kilicho ndani. Maji hayo hutoka na rangi ya hudhurungi na harufu ya moshi, tofauti kabisa na yale meupe ya chupa za dukani. Hutiwa mwishoni, kahawa ikishaepuliwa, maana yakichemka harufu yote huenda na mvuke. Na hutiwa kidogo: yakizidi, mgeni anakunywa manukato.

Waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na waliorejea Oman baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970, walikuja na kahawa yao ya barazani, yenye tangawizi na kashata pembeni. Naipenda hiyo pia. Ila tangawizi humsamehe mpishi, hufunika buni iliyokaangwa vibaya. Waridi halifuniki kitu.

Mwaka 2015 UNESCO iliitambua kahawa ya Kiarabu kuwa urithi wa Oman, Saudia, Imarati na Qatar kwa pamoja, na haki yake, maana hata kuimimina kuna adabu yake. Mmiminaji hushika dele kwa mkono wa kushoto na kikombe kwa wa kulia, akatia kidogo tu, chini ya nusu. Mgeni asiyejua hudhani ni ubahili. Kumbe kahawa ikiwa haba hunywewa ingali moto, na kila ukimiminiwa tena harufu hupanda upya, mpaka ukitikise kikombe kuashiria kwamba umetosheka.